Mabaki ya Karamu ya Nani? Chupa na Vizibo vya Mvinyo katika Sanaa, kwa Mtazamo wa Bujumbura

Ikisiri

Kazi za sanaa zinazoundwa kwa chupa na vizibo vya mvinyo, na wakati mwingine kwa mvinyo wenyewe, aghalabu huitwa kwa Kiswahili "sanaa ya taka" au "sanaa ya urejelezaji". Makala hii inayapima majina hayo kwa hali halisi ya chupa katika mji wa Bujumbura, na inadai kwamba yote mawili humwelekeza mhakiki kuisifu nia ya msanii na kuiacha kazi yenyewe bila kuhakikiwa. Yanapendekezwa maneno mawili ambayo tayari yamo vinywani mwa wasemaji wa Kiswahili: mabaki na istihala. Maneno hayo yanajaribiwa kwa kazi za El Anatsui na Wangechi Mutu, kwa vioo vya Arusha na Kitengela, na kwa ufundi wa mikono wa kukata chupa.

Istilahi muhimu: mabaki, istihala, urejelezaji, chupa, kizibo, uhakiki wa sanaa

Chupa yenye mwenyewe na chupa isiyo na mwenyewe

Mjini Bujumbura, anayenunua bia hanunui chupa. Kiwanda cha Brarudi, kilichoanzishwa mwaka 1955 wakati mji ungali ukiitwa Usumbura, huuza kinywaji na kuendelea kuihesabu chupa kuwa mali yake. Chupa ya Primus ya sentilita 72 hutoka kiwandani ikiwa sandukuni pamoja na wenzake, hufika baa, hunywewa, hurudishwa sandukuni ikiwa tupu, huoshwa na kujazwa tena. Mteja anayetaka kwenda nayo nyumbani huacha chupa nyingine tupu au huweka amana ya fedha. Hata harusini, ambako masanduku ya bia na ya soda ni sehemu ya heshima wanayopeana wakwe, hukosi kumwona mtu aliyepewa kazi ya kuhakikisha kwamba idadi ya chupa zilizoingia ndiyo idadi ya zitakazotoka.

Chupa ya mvinyo haimo katika mzunguko huo. Burundi si nchi ya mizabibu. Mvinyo unaonywewa Bujumbura huagizwa kutoka nje, huvuka bahari na kisha nchi kavu au Ziwa Tanganyika, na aliyeijaza chupa yuko mbali mno kuidai. Hata Dodoma, ambako zabibu zimelimwa tangu wamisionari walipopanda mizabibu Bihawana mwaka 1957, na ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka, ni mbali kwa mtu mwenye chupa moja mkononi. Zamani mji ulikuwa na kiwanda chake cha vioo, Verrundi, ambacho tanuri lake lingeweza kuipokea na kuiyeyusha. Kiwanda hicho hakifanyi kazi tena. Hivyo basi chupa ya mvinyo ikishamiminwa hukosa pa kurudi. Hutiwa mafuta ya mawese, huchomekwa mshumaa, hupangwa kuzunguka bustani ya maua, au huvunjwa na vigae vyake kusimikwa katika saruji juu ya ukuta wa ua ili kumzuia mwizi. (Matumizi haya ya mwisho huenda ndiyo sanaa ya chupa inayoonekana zaidi katika miji ya Afrika Mashariki, wala haijulikani kufunguliwa maonyesho popote.)

Chupa mbili hizi hufanana kwa umbo na hutofautiana kwa hadhi. Ya kwanza ni mali ya mtu. Fundi akiikata na kuifanya taa, amemwibia mwenye kiwanda. Ya pili ni huru, na uhuru wake umetokana na safari ndefu na pato la mnywaji. Mhakiki anayeziweka zote katika kapu moja la "taka" amekwisha kupotea kabla hajaitazama kazi yoyote.

Taka, urejelezaji, mabaki

Istilahi "urejelezaji" imeingia katika Kiswahili kwa mlango wa elimu ya mazingira, na huko ina kazi njema. Mzizi wake ni rejea, yaani kurudi. Kitu hurejelezwa kinaporudishwa katika hali au kazi iliyofanana na ile ya awali: karatasi ikawa karatasi, chuma kikawa chuma. Kwa maana hiyo mrejelezaji mkubwa wa chupa Bujumbura ni kiwanda cha bia, na hakuna msanii atakayeshindana nacho. Taa moja hutumia chupa moja, na haitahitaji nyingine mpaka ivunjike. Ikiwa lengo ni kupunguza vioo vinavyofika katika jalala la Buterere, mfumo wa amana unashinda karakana zote za sanaa zikijumlishwa pamoja. Kumsifu msanii kwa kusafisha mji ni kumpa sifa ambayo hakuitafuta na ambayo, ikipimwa kwa hesabu, haimfai.

Isitoshe, chupa inayoingia katika sanaa hairudi. Huondoka katika kazi yake na kwenda kwingine, na thamani ya kazi imo katika huko inakokwenda. El Anatsui, mchongaji mzaliwa wa Ghana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, tangu mwaka 1975, na ambaye vitambaa vyake vya vifuniko vya chupa vinajulikana ulimwenguni kote, amekuwa akikataa kazi yake kuitwa urejelezaji kwa sababu kama hii: kwake vifuniko havirudi kuwa vifuniko.

Neno "taka" lina tatizo jingine, nalo ni la kisarufi kabla ya kuwa la kifalsafa. Nomino taka hujitosheleza. Mtu akisema "hizi ni taka", hakuna anayeuliza ni taka za nani, isipokuwa karani wa manispaa. Neno hufuta historia ya kitu na kumfuta pia aliyekitumia. Mabaki, kwa upande mwingine, hayajitoshelezi. Humlazimu msemaji kutafuta kihusishi: mabaki ya chakula, mabaki ya jengo, mabaki ya marehemu. Msikilizaji aliyeambiwa "haya ni mabaki" na mwenzake akanyamaza hubaki akisubiri. Nomino yenyewe inauliza swali, na swali hilo ndilo mhakiki anapaswa kuanza nalo mbele ya kazi ya chupa na vizibo: mabaki ya nini, na ya karamu ya nani?

Mafundi hawahitaji kufundishwa jambo hili. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa na ambako gereji zimebanana kando ya barabara, injini iliyokufa haipotezi jina lake. Bado ni injini ya gari fulani, ya mwaka fulani, na thamani ya kila kipande inategemea kujua kilitoka wapi. Lugha ya gereji ina nidhamu ambayo lugha ya uhakiki wa sanaa bado haijaipata.

Sahani za Kunduchi

Kabla ya kwenda kwa wasanii wa leo, yafaa kukumbuka kwamba chombo cha mezani kilichotoka ng'ambo kuingia katika sanaa si jambo geni kwa Waswahili. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na katika lile la Mambrui karibu na Malindi, mafundi walisimika bakuli na sahani za kauri za Kichina katika chokaa. Vyombo hivyo vilivuka Bahari ya Hindi vikiwa bidhaa za gharama. Baadhi vilipakuliwa chakula, vingine huenda vilikaa kabatini tangu mwanzo. Kaburini havikupakuliwa tena. Mahali kadhaa sahani zimebanduliwa na wezi au na wakati, na kilichobaki ni duara tupu ndani ya chokaa. Na duara hilo peke yake linatosha kumwambia mpita njia kwamba aliyelala hapo alikuwa mtu wa uwezo na wa mawasiliano na ng'ambo.

Hakuna mwanaakiolojia anayeziita nguzo hizo sanaa ya urejelezaji, na ingechekesha kama angefanya hivyo. Sahani ya Kunduchi inasomwa kwa asili yake, kwa njia iliyopita, kwa mwenye nyumba aliyeimiliki na kwa mahali ilipowekwa. Swali ni kwa nini chupa ya mvinyo iliyovuka bahari ileile isisomwe kwa bidii hiyohiyo. Jibu, inaelekea, ni kwamba sahani imepewa heshima ya ukale, na chupa bado inanuka.

Istihala

Harufu hiyo inastahili kuzungumzwa waziwazi, kwa sababu sehemu kubwa ya wasomaji wa Kiswahili wa Bujumbura ni Waislamu, na kwao chupa ya mvinyo si chombo kisicho na upande. Wapo watakaosema kwamba mada hii haiwahusu. Lakini fikra ya Kiislamu ndiyo inayotoa dhana iliyo kali kuliko zote kwa kazi iliyo mbele yetu. Mafakihi hutofautisha kitu kilichooshwa na kitu kilichogeuka dhati yake. Mvinyo hauwezi kusafishwa kwa kuoshwa. Lakini mvinyo uliogeuka siki wenyewe ni halali kwa makubaliano yao, kwa kuwa si mvinyo tena. Kugeuka huko huitwa istihala.

Dhana hii ikiazimwa kwa uhakiki, bila kudai kwamba msanii anatoa fatwa, inatoa kipimo ambacho neno urejelezaji halina. Mbele ya kazi yoyote ya chupa mhakiki anaweza kuuliza: je, kitu hiki kimegeuka, au kimeoshwa tu? Kwa swali hilo kazi zinazokaa rafu moja dukani hutengana mara moja.

Mfano wenye nguvu zaidi katika ukanda huu ni wa Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Mwaka 2006 alishirikiana na msanifu majengo David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam, kutengeneza chumba kizima katika jumba la maonyesho la Salon 94 mjini New York. Waliita kazi hiyo Exhuming Gluttony: A Lover's Requiem, jina linalokaribia kusema kufukua ulafi, kisha likaongeza ombolezo la mpenzi. Juu ya meza kubwa ya mbao palining'inizwa chupa za mvinyo zilizopinduliwa, na mvinyo mwekundu ukadondoka tone kwa tone juu ya meza. Ukutani palitundikwa ngozi za wanyama, na palikuwa na matundu yaliyofanana na majeraha. Kadiri siku zilivyopita mbao zilinyonya, doa likapanuka, na chumba kikajaa harufu ya uchachu.

Hapa mvinyo na chupa vimo katika kazi moja bila kimojawapo kuwa pambo. Ni meza ya karamu, lakini hakuna aliyeketi. Wageni wamekwisha kwenda, au hawajafika, au ndio waliolazwa mezani. Anayeisoma kazi hii kutoka Bujumbura ataona mambo ambayo huenda hayakumjia kwanza mtazamaji wa New York: atakumbuka altare, ambako mvinyo huitwa damu kwa imani, atakumbuka tambiko, ambako kinywaji humwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, na katika mji uliopitia miaka ya vita kuanzia 1993, hatahitaji kuelezwa ukuta wenye matundu ni nini. Makala hii haidai kwamba Mutu aliikusudia Burundi. Inadai tu kwamba kazi imeacha nafasi ya kutosha kwa msomaji huyo kuingia na kumbukumbu zake.

Na istihala katika chumba kile haikuwa sitiari. Mvinyo uliodondoka juu ya mbao, ukapigwa na hewa, ulikuwa njiani kuwa siki mbele ya watazamaji. Msanii hakuosha chupa. Aliacha mabaki yafanye kazi yao ya kuoza, na swali la mabaki ya karamu ya nani likabaki limening'inia juu ya meza pamoja na chupa zenyewe.

Anatsui alifika kwingine kwa njia tofauti. Kazi zake za vifuniko, zilizoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 na kujulikana kwa vipande kama Man's Cloth kilichomo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, hukunja na kupasua vifuniko vya alumini vya chupa za pombe kali, kisha huviunga kwa waya wa shaba mpaka maelfu yake yanaanguka kama kitambaa. Ukisogea karibu bado unasoma majina ya pombe. Ukirudi nyuma unaona nguo ya kifalme. Pombe kali ilikuwa bidhaa ya kubadilishana katika biashara ya watumwa ya Atlantiki, na msanii hakuyafuta majina hayo ili mtazamaji asipate kisingizio. Alipotunukiwa Simba wa Dhahabu wa mchango wa maisha mjini Venice mwaka 2015, na alipotundika Behind the Red Moon katika ukumbi mkubwa wa Tate Modern mjini London mwaka 2023, kitambaa chake cha kwanza kikiwa kama tanga la jahazi ndani ya taasisi iliyoanzishwa kwa fedha za sukari, dhati na kumbukumbu vilikuwa bado vimeshikana. Kama kazi hizi zina hatari, ni hatari ya uzuri wake: zinapendeza kiasi kwamba zinaweza kutundikwa katika ukumbi wa benki bila mtu kuuliza lolote kuhusu pombe iliyokuwa chini ya vile vifuniko. Meza ya Mutu haikuwa na hatari hiyo. Hakuna benki ingeivumilia kwa harufu yake.

Taa ya chupa

Kutoka kilele hicho ni lazima kushuka kwa fundi anayekata chupa, kwa sababu ndiye anayeathiriwa zaidi na uvivu wa wahakiki.

Kuna njia mbili za kuifanyia kazi chupa, na zinatoa sanaa mbili. Ya kwanza ni ya moto. Arusha, karakana ya Shanga, iliyoanzishwa mwaka 2007 na inayoajiri watu wenye ulemavu, huyeyusha vioo vilivyotumika na kuvifanya shanga, bilauri na vyombo. Kitengela, nje ya Nairobi, karakana zilizotokana na kazi ya Nani Croze hufanya vivyo hivyo kwa vioo vya rangi na vya kupulizwa. Tanuri la kioo huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za sentigredi, na mbele ya joto hilo chupa husahau kila kitu. Rangi ya kijani hubaki. Mabega, kitako na lebo huondoka. Kwa kipimo cha istihala kazi hii imefaulu kabisa. Kwa kipimo cha mabaki imenyamaza, na haina kosa kunyamaza: ushanga mzuri hauwajibiki kusimulia.

Ya pili ni ya ukataji. Fundi asiye na tanuri huchora mstari kuzunguka chupa kwa chombo kikali, au huifunga uzi uliolowa spiriti na kuuwasha, kisha huitumbukiza katika maji baridi ili ipasuke pale alipotaka. Makali yake husuguliwa kwa msasa na maji mpaka mdomo hauwezi kukatika. Ni kazi ya subira na ya hasara nyingi, kwa kuwa chupa ikipasuka vibaya hakuna kuirudia. Kinachopatikana ni bilauri, chungu cha maua, kivuli cha taa. Katika kazi hizi chupa bado ni chupa: chenye mabega yaliyopanda bado kina mabega, chenye mteremko bado kina mteremko, na mara nyingi lebo imeachwa kwa makusudi.

Sasa basi, kazi hii husifiwaje? Kwa kawaida husifiwa kwa maneno mawili, ubunifu na utunzaji wa mazingira, na mjadala hufungwa hapo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi aliyeambiwa kwamba kazi yake ni njema kwa sababu imeokoa chupa hana sababu ya kuuliza kama ukataji wake ni sawa, kama mwanga unaopita katika kijani kile unafaa chumba cha kulala au baa, kama lebo iliyobaki inasema jambo au imebaki kwa sababu ni ngumu kuibandua. Hupewa pongezi badala ya hukumu, na pongezi hazimpandishi bei. Mwenzake anayesuka ibiseke vya Kirundi hahukumiwi hivyo. Kikapu huguswa, hukazwa, hugeuzwa chini juu. Msuko uliolegea hutajwa kuwa umelegea. Hiyo ndiyo heshima.

Na swali la mabaki likiulizwa hapa linaleta jibu lisilopendeza. Chupa ya mvinyo mjini Bujumbura hutoka katika meza chache: za hoteli, za ofisi za kigeni, za sherehe za wenye uwezo, na za sakristia. Taa iliyotengenezwa kwa chupa hiyo ina bei ambayo meza hizohizo ndizo zinazoweza kuimudu. Kitu kimetoka mezani, kimepita mikononi mwa fundi, na kimerudi mezani kikiwa na waya wa umeme. Aliyekunywa amenunua tena chupa yake, mara hii akiwa na amani moyoni kwamba ameusaidia mji. Fundi anaweza kuitumia hali hiyo kwa werevu; anaweza kuifanya taa inayomwambia mnunuzi jambo kuhusu safari ya chupa yake. Lakini hataifanya kamwe kama wahakiki wanaendelea kumwambia kwamba amemaliza kazi pale tu alipoikata.

Mvinyo kama wino

Uchoraji kwa mvinyo wenyewe unaweza kupitwa haraka. Ni desturi iliyoshamiri katika nchi za mizabibu, ambako kioevu ki karibu na mkono. Rangi ya mvinyo mwekundu hutokana na chembe za ganda la zabibu ambazo huwa nyekundu katika uchachu na kuelekea samawati au kijivu zikikutana na karatasi yenye chokaa. Baada ya miezi kadhaa hewa huigeuza kahawia. Mchoro uliozaliwa zambarau huzeeka ukawa rangi ya chai. Lugha ya Kiswahili, iliyopokea mvinyo kutoka kwa Wareno na divai kutoka kwa Wafaransa, iliyaweka mvinyo na wino yakae karibu kwa sauti, na wachoraji wengi wa mtindo huu hawajapita umbali wa mzaha huo. Hujivunia kilichotumika kuliko kilichochorwa.

Burundi ina doa lake lenyewe, na ni doa lisilofutika: utomvu wa mgomba. Mzazi yeyote anajua shati lililoguswa na utomvu wa ndizi halitatakata tena. Mgomba huohuo ndio unaotoa urwarwa, pombe ya ndizi ambayo, pamoja na impeke ya mtama inayonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, ilikuwa kinywaji cha heshima kabla ya Primus na kabla ya mvinyo. Mchoraji wa Bujumbura anayetaka kuchora kwa kinywaji ana rangi iliyo karibu zaidi, ya bei nafuu zaidi na yenye kumbukumbu nzito zaidi kuliko ile iliyovuka bahari. Akichagua mvinyo licha ya hayo, uchaguzi huo ni sehemu ya maana ya kazi, na mhakiki ana haki ya kumtaka autetee.

Kizibo

Imebaki sehemu ndogo kuliko zote ya chupa. Kiswahili huita vitu hivi kwa kazi zake: kizibo kutokana na kuziba, kifuniko kutokana na kufunika, kizibuo kutokana na kuzibua. Lugha haikujali kizibo kimetengenezwa kwa nini. Ndiyo maana picha na mapambo yaliyoundwa kwa vizibo yanapoelezwa kwa Kiswahili, malighafi yenyewe haina jina, na msomaji hujikuta akiambiwa kwamba msanii ameunda ndege kwa "vitu vya kuzibia".

Malighafi hiyo ni gome. Hubanduliwa kutoka kwa aina ya mwaloni unaoota kandokando ya Mediterania ya magharibi, nusu hivi ya mazao ya dunia ikitoka Ureno. Mti husubiriwa takriban miaka 25 kabla ya kubanduliwa mara ya kwanza, kisha hubanduliwa kila baada ya miaka 9 hivi, nao hauangushwi; huendelea kuishi na kuvaa gome jipya. Kwa msomaji wa Maziwa Makuu habari hii si ya ajabu hata kidogo. Nchini Uganda gome la mutuba hubanduliwa vivyo hivyo na shina kufungwa majani ya mgomba ili lipone, na ufundi wa kuligonga mpaka liwe nguo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Katika Kirundi neno impuzu, ambalo leo ni nguo yoyote, hata shati la dukani, liliwahi kuwa jina la nguo ya gome la mti.

Sanaa Gateja wa Uganda amekuwa akishona shanga za karatasi juu ya nguo ya gome, na katika kazi zake gome huongoza: wepesi wake, mikunjo yake, rangi yake ya udongo huamua umbo. Vizibo havijapata fundi wa namna hiyo katika ukanda wetu. Huunganishwa kwa gundi kama matofali, vikafanywa fremu au kitako cha sufuria, na gome ndani yake halijaulizwa lolote. Fundi wa Bujumbura anayekipasua kizibo akaona ndani yake tabaka za miaka tisa ya mti yuko hatua moja tu kutoka kwa impuzu ya mababu zake, lakini hatua hiyo haionekani kwa anayekijua kizibo kwa kazi yake tu. Wala nafasi haitakaa wazi daima: chupa nyingi za mvinyo, hasa za Afrika Kusini, siku hizi hufungwa kwa kifuniko cha alumini cha kuzungusha, na mkusanyaji wa vizibo anazidi kukuta mkononi mwake malighafi ileile ambayo Anatsui aliikuta Nsukka.